Mawe Tuliyomsomea Huseni

Mwanne, jirani yetu mtaani Jabe, alikuwa anachambua maharage asubuhi mama mkwe wake, bi Mwavita, alipokuja na habari ya tahalili, ile la ilaha illallah inayorudiwa kumsomea marehemu. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, wakati wa vita. Huseni, mume wa Mwanne, fundi wa magari, alikwenda mtaa wa Kamenge kutazama gari la mtu na hakurudi. Maiti haikuonekana. Mwanne hakuwa mke, hakuwa mjane, na eda hakuweza kukaa. Hata kulia hakulia. Moyo ulimfia ganzi kama mguu uliokaliwa.

"Tumusomee, mwanangu," bi Mwavita alisema. "Kama alishakufa, imufikie."

"Na kama iko muzima, mama?"

"Basi itamurudisha."

Mfa maji haachi kutapatapa. Mwanne akakubali.

Tahalili huhesabiwa kwa punje za mahindi. Lakini vita vile, nani angechezea mahindi? Mwanne akatoa bakuli la vijiwe vya mumewe, vya duara, vyenye tundu katikati. Huseni alipewa na mwalimu mmoja wa jiolojia, mgeni, siku mwalimu huyo alipokuwa anakimbia nchi. Mwalimu alieleza kwamba ni vipande vya shina la mnyama wa bahari ya kale, mwenye sura ya ua. Mnyama huyo alisimama palepale chini ya maji, mikono wazi, akingoja kinachopita. Bahari ikakauka, naye akageuka jiwe.

Wanawake walisoma baada ya alasiri. Kila tahalili, kijiwe kikasogezwa kwenye sinia.

Alfajiri Mwanne alivikuta vimepandana, kimoja juu ya kingine, vimesimama wima. Akavitawanya, akaenda kuwasha mkaa. Hakuogopa. Hilo ndilo lililomshangaza.

Aliporudi, shina lilikuwa limesimama tena, refu zaidi. Juu yake palikuwa na mikono myembamba ya jiwe. Haikuwamo kwenye bakuli. Mwanne akapumua. Mikono ikajikunja. Polepole.

Alimwita bi Mwavita. Mama mkwe akasimama mlangoni, akanong'ona:

"Ile mawe ilikuwaga na roho?"

"Mwalimu alisemaga ni wanyama."

"Basi tulimusomea na wafu mu mikono. Tuliwaita bote."

Maji yalishamwagika. Walifunga vijiwe kwenye kitambaa, wakavitupa mtoni Ntahangwa mchana kweupe, wakarudi nyumbani.

Kitanda kilikuwa kimelowa. Upande wa Huseni tu. Maji yalipokauka yalibakiza weupe kwenye shuka: umbo la mtu aliyelala kiubavu, goti moja limekunjwa, akitazama ukutani. Huseni alilala hivyo tangu ndoa yao. Mwanne aligusa, akaonja. Chumvi. Na ziwa letu halina chumvi.

"Mama," alisema, "leo naanza eda."

Akavua bangili. Bi Mwavita akalia kwa sauti hadi majirani wakaja. Mwanne hakulia.

Shuka tulilifua sisi wenyewe, tukalianika juani. Lilipokauka, umbo lilikuwepo bado. Lilikuwa limegeuka, linatazama upande anaolala Mwanne.