Hatua za Mwantumu

Mwalimu Leontina Kokuhirwa, ambaye tangu utotoni hakuwahi kusimama bila kushikwa na mtu, alikuwa anakimbia. Anakimbia kwelikweli, si kuchechemea, si kusukumwa. Mchanga wa Ras Mnyenye uliruka nyuma ya visigino vyake, na gamba la kijivu lililomkumbatia kifua, viwiko na miguu hadi vidoleni lilijikunja na kujikunjua bila kutoa hata mlio. Wageni waliokaa kwenye baraza ya vioo walisimama wakampigia makofi. Kipaza sauti nacho kikaanza wimbo wake wa kila siku, kwa ile sauti ya kike isiyojua kuchoka: "Pwani Uzima. Likizo ya mazoezi kwa kila mwili, mzima na mgonjwa, kijana na mzee. Hatuchomi mafuta. Hatuichafui bahari. Tunawaajiri wenyeji."

Mbaruku Shekue hakupiga makofi. Alikuwa amesimama kando ya kibanda cha magamba, taulo la mgeni begani, macho yamemganda.

Yeye ndiye aliyemvisha yule mama, baada tu ya swala ya alasiri. Ndiyo kazi yake, mvishaji: kufunga vifungo, kukaza mikanda, kumwonyesha mgeni bangili ya mkononi na kitufe chake chekundu, kisha kumsindikiza kwa macho mpaka arudi. Mwalimu alikuwa akicheka muda wote anavishwa, akichomeka neno la heshima la kwao. "Waitu, Bwana Mbaruku, nikikimbia nikafika Bukoba, mizigo yangu nitumie!" Mbaruku akacheka naye. Alimpenda. Hakuwa na maringo ya wageni wengine, na alikuwa ameingojea siku hii kama mtoto anavyoingojea Idi.

Lakini sasa hakucheka. Yule mama, akikimbia, mara kwa mara aliinua kiwiko cha kushoto akafuta paji la uso, na paji lenyewe lilikuwa kavu, halina jasho hata tone. Halafu mguu wa kulia. Kila ukitua, ulijirusha kidogo upande wa nje, kama mtu anayetaka kuvua ndala iliyolegea.

Mguu ule Mbaruku aliujua. Aliufundisha yeye mwenyewe kutembea, kwenye sakafu ya udongo, nyumbani kwake.

"Mwantumu," akasema peke yake. "Si umeniambia leo huna zamu?"

Wageni waliambiwa kwamba gamba lina akili yake, linapiga hesabu za kila hatua lenyewe. Na kweli, magamba ya kwanza yalikuwa hivyo. Yakabashiri hatua, yakakosea, yakawavunja watu nyonga. Wakubwa wakakaa na wataalamu wao, wakagundua jambo ambalo mama yeyote aliyelea mtoto angewaambia bure: mwili wa mtu ndio unaojua kujizuia usianguke. Basi nyuma ya bustani, mahali wageni hawafiki, wakajenga Ukumbi wa Wenza, jumba refu lisilo na dirisha. Humo kila gamba lina pacha wake, na ndani ya pacha kuna mtu. Mwenza anakimbia juu ya mkanda usiokwisha, miwani ya giza usoni ikimwonyesha kila anachokiona mgeni, na kila msuli anaouvuta, gamba la ufukweni nalo linauvuta. Ili ajue namna ya kukanyaga, ni lazima ausikie uzito wa mgeni. Kwa hiyo uzito unarudi kwake, na uchovu wote pia. Mgeni anamaliza mbio akiwa mwepesi kama aliyetoka kuoga.

Na mwenza hawezi kujifungua. Pacha halifunguki mpaka mgeni abonyeze bangili, au meneja akate mawasiliano. Hiyo waliiita usalama. Usalama wa nani, hawakusema, na wenyeji walioweka dole gumba kwenye kioo cha mkataba waliahidi kutomwambia mgeni chochote.

Siwatu, mke wa Mbaruku, alikuwa mwenza. Alifia mle ndani, gamba limemfunga, mara tu alipomfikisha mchangani mgeni wake, mzee mmoja mnene aliyekuwa akizunguka ufukweni kwa raha zake. Mbaruku siku hiyo alikuwa akimpigia yule mzee makofi, maana wafanyakazi waliamriwa kupiga makofi. Wakubwa walikuja msibani na shada la maua na maneno matamu, wakala pilau, wakaondoka. Jumatatu mkanda wa Siwatu ulikuwa na mtu mwingine.

Tena Siwatu alikufa na deni la Mungu. Kampuni ilikataza kufunga kwa mtu aliye zamu, kwa hiyo Ramadhani zake za mwisho alizila, kila siku akisema atalipa. Hakulipa. Na sasa Mwantumu, mwenza naye, alikuwa anamfungia mama yake siku zile, moja baada ya nyingine. Alfajiri hiyo Mbaruku alikuwa amemsikia jikoni akila daku, kijiko kikigonga bakuli. Alipomwuliza kuhusu kazi, binti akajibu, "Leo napumzika, baba. Lala."

Mbaruku akagusa simu ya sikioni.

"Bwana Lyatuu, mkatie Mwantumu mawasiliano. Mwalimu akifika ufukweni tu, mkatie."

Meneja Lyatuu alikuwa kwenye chumba cha vioo juu ya baraza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula kitu. "Mzee Mbaruku. Unajua majina ya wenza hayatajwi kwenye hewa."

"Mtoto amefunga."

Lyatuu akameza. Kisha: "Nani kamruhusu kufunga?"

"Angalia kioo chako, kinasema nini?"

"Kinasema njano. Njano ni kawaida, mzee wangu. Mgeni ameomba kuzunguka lile fungu la mchanga mara nyingine, nimemkubalia. Ndiyo huyo anaelekea. Nikikata sasa, anaanguka majini na maji yanajaa. Unataka tumzamishe mgeni, tufungiwe, mji mzima ulale njaa?"

"Ulimruhusu wa nini kwenda, na maji yanajaa?"

"Usinianzie. Mambo ya Mama Mwantumu yalikwisha."

Mbaruku alilichomoa lile dude sikioni akalitupa mchangani. Akavua viatu. Akaingia majini.

Fungu lilikuwa mbele, tumbo la mchanga mweupe lililozungukwa na maji ya magotini, na Mwalimu Leontina alikuwa analizunguka, mikono juu, akipiga vigelegele vyake mwenyewe. Hakuna mtu wa umri wa Mbaruku ambaye angeweza kumfikia kwa mbio. Lakini njia yake ilikuwa ya duara, na Mbaruku akakata katikati. Maji yalimvuta suruali. Mawe yakamchana nyayo. Mara mbili alianguka, akanyanyuka akitema chumvi na kuwatukana wakubwa kwa majina yao na ya baba zao.

"Bwana Mbaruku!" Mwalimu alimwona, akacheka. "Unataka kushindana nami? Utaaibika!"

"Simama, mama!"

"Nisimame? Nimekaa tangu nikiwa na miaka minane!"

Akamzibia njia, mikono ameitanua. Lakini hakuyaangalia macho ya mwalimu. Aliangalia lile jicho dogo la kioo lililokaa juu ya paji lake, ambalo kila linachokiona hufika kwenye miwani kule ukumbini.

"Mwantumu," akasema. "Baba yako huyu hapa."

Miguu ikasimama.

Ilisimama ghafla hivi kwamba kiwiliwili cha mwalimu kilitupwa mbele, akashika hewa. Akaiangalia miguu yake. Akajaribu kucheka, kicheko kikagoma.

"Sijaiambia isimame," akasema polepole. "Mbaruku, sijaiambia."

"Si yako hiyo, mama. Humo ndani kuna mtu. Kuna binti yangu, amefungwa kwenye jumba kule nyuma, anakimbia badala yako. Hajala tangu alfajiri, wala kunywa. Amefunga. Bonyeza bangili umwachie."

"Waliniambia ni mashine."

"Walikuambia."

Mwalimu alifumba macho, akafumbua. Miguu ikaanza kutembea tena. Haikurudi kwenye duara. Ilimzunguka Mbaruku kwa adabu, kama mtoto anavyompita mkubwa mlangoni, ikashika njia ya ufukweni, haraka, ndani ya maji yaliyokwisha pita magoti. Mguu wa kulia haukujirusha tena. Ulikokota.

"Ananipeleka nyumbani," mwalimu akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Anajua maji yanajaa. Ananiwahisha."

"Bonyeza, mama!"

"Nikibonyeza nazama."

"Nipo mimi."

"Wewe unahema kama mbuzi aliyefukuzwa!" Akamtazama, na sauti ikamshuka. "Nipe mpaka mchanga mkavu tu. Pale, unapaona? Nifike kwa miguu. Mara hii moja, Mbaruku, nifike kwa miguu yangu."

Mbaruku alikuwa akitembea kando yake, maji yanampiga mapajani. Angeweza kumshika mkono kwa nguvu akabonyeza mwenyewe, lakini kitufe kile kilitambua kidole cha mgeni tu na hiari yake. Wakubwa walifikiria kila kitu.

"Mama yake naye alikuwa mle," akasema. "Mgeni wake alitaka kufika mchanga mkavu. Alifika. Alikuja kwangu anacheka, nikamfungulia gamba, nikampa maji ya dafu. Ndipo wakaja kuniambia nikamwone mke wangu."

Magoti ya lile gamba yakaanza kutetemeka. Mtetemeko ulipanda mpaka kifuani kwa mwalimu, ukamgonganisha meno. Kiwiko cha kushoto kikainuka kufuta paji la uso, kikaishia njiani, kikaanguka.

Mwalimu Leontina aliitazama miguu yake mara moja, kama mtu anayemtazama msafiri dirishani mwa treni inayoondoka. Akabonyeza.

Gamba likafa. Akaenda chini mzimamzima, maji yakamfunika kichwa. Mbaruku akapiga mbizi baada yake, akitafuta vifungo kwa vidole, vile vifungo alivyovifunga mwenyewe kwa uangalifu wote. Cha kifua. Cha kiuno. Cha paja kilikwama, akakivuta kwa meno. Lile gamba la kijivu likazama, mali ya kampuni, na mwalimu akaibuka akikohoa, mikono shingoni kwa Mbaruku.

"Panda mgongoni. Shika, usiogope kuninyonga."

Alikuwa mzito, na miguu yake halisi, myembamba, laini, ilimpiga Mbaruku mapajani kila hatua. Kwenye baraza ya vioo wageni walikuwa wamesimama tena, safari hii bila makofi, na kipaza sauti kilikuwa kinaendelea: kwa kila mwili, kwa kila mwili.

Lyatuu alikuwa amekwisha fika mlangoni pa Ukumbi wa Wenza, tai upande, walinzi wawili nyuma yake.

"Mzee, mweke mgeni chini. Mama mwalimu, pole sana, kiti chako kinaletwa, tutakurudishia..."

"Toka mlangoni," akasema mwalimu, kutoka mgongoni kwa Mbaruku, kwa sauti iliyonyamazisha madarasa maisha yake yote. "Nataka kumwona aliyekimbia badala yangu."

"Mama, huko si mahali pa wageni."

"Wewe kijana. Unataka niyasemee hapa, au niwageukie wale kule barazani niwahadithie?"

Lyatuu akatazama barazani. Akasogea.

Ndani mlinuka jasho na mpira ulioungua. Mikanda ilikuwa inazunguka safu kwa safu, na juu yake watu wenye miwani ya giza walikuwa wanakimbia, wanapanda ngazi zisizokuwepo, wanaogelea hewani, kila mmoja na mgeni wake. Hakuna aliyegeuka. Wasingeweza kugeuka.

Mwantumu alikuwa sakafuni kando ya mkanda wake, gamba limefunguka kama kome. Midomo imepasuka, uso umekuwa wa majivu. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kifupi kifupi. Mbaruku alimshusha mwalimu chini taratibu, akapiga magoti, akakiweka kichwa cha binti yake mapajani. Mwenza mmoja aliyekuwa mapumzikoni akamletea kikombe cha maji.

"Kunywa, mwanangu."

Akaubana mdomo. Akatikisa kichwa.

"Mgonjwa haandikiwi kufunga, Mwantumu. Unajua hivyo."

"Nimebakiza hii tu," akanong'ona, maneno yakitoka mojamoja. "Ya mwisho. Za mama zitakuwa zimekwisha. Baba, usiniharibie."

Mbaruku akamwinamishia kikombe midomoni, maji yakamwagika shingoni kwake. Naye bado ameubana mdomo. Ukaidi wa Siwatu huo, mtupu. Mbaruku akainua macho, akauona mlango alioingilia umebaki wazi, na jua la alasiri, jeupe, limelala sakafuni mpaka karibu na miguu ya binti. Akajisogeza, akalikinga kwa mgongo.

"Imeadhiniwa," akasema.

Mwantumu akafumbua macho. "Sijasikia."

"Utasikiaje humu, na makelele ya mikanda hii? Imeadhiniwa, mama yangu. Magharibi imeingia."

Binti alimtazama baba yake kwa muda, akimjua. Kisha macho yakamhama, yakamtafuta yule mama mgeni aliyekaa sakafuni, nguo zinachuruzika, rozari ndogo ya fedha imegandia shingoni kwake.

"Kweli, mama?"

Mwalimu Leontina alikuwa ameanza kujivuta kwa viganja kuelekea mlangoni, miguu ikimfuata nyuma. Akaufikia. Akauegemea kwa bega, akausukuma mpaka ukajifunga, na lile jua likabaki nje.

"Nimeisikia mwenyewe," akasema. "Kunywa, binti yangu."

Mwantumu akasoma dua yake kwa midomo tu, bila sauti. Akanywa.