Mstari wa Shingoni

Amiri alivifunga pamba kimoja kimoja, akavilaza ndani ya boksi la viatu, na kila alichokilaza alikibeulia mdomo kwanza. Vilikuwa visanamu vya risasi, urefu wa kidole gumba: wachawi wenye majoho, mizuka iliyotoka nusu kaburini, maiti waliojitwisha majeneza yao wenyewe. Magharibi ilikuwa inakaribia, na vilitakiwa Area D kabla giza halijaingia.

"Mtu mzima na akili zake," alisema, "anasomeshwa mpaka ng'ambo, anarudi na midoli!"

Mtu mzima huyo alikuwa Fabian, ofisa kijana aliyehamishiwa Dodoma na kupewa nyumba Area D. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kinaingia nchini, hata ambacho hakuna aliyekiomba. Fabian aliingia na sanduku la visanamu hivyo, pamoja na mchezo wake wa kuvipiganisha juu ya meza kwa kurusha dadu. Havikuwa na rangi. Akamtafuta mtu wa kuvipaka, akaelekezwa kwa Amiri, mwandishi wa mabango wa Kizota, ambaye angeweza kuliandika jina lako kwenye punje ya mchele na bado akakudharau.

Baadaye Fabian alichoka na sura za kigeni. "Fundi, nigeuzie. Nataka mizuka ya kwetu."

Amiri akavigeuza. Alivikata vichwa kwa msumeno wa chuma, akavihamishia kwenye viwiliwili vingine, akaunga kwa ile gundi nzito wanayozibia mafundi wa kunyoosha magari. Aliondoa panga, akaweka jembe alilolikata kwenye kopo la maziwa. Joho akaligeuza kanga kwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Na nyuso akavipa za watu aliowaona takataka: mwenye nyumba wake, karani wa kata, shemeji yake mnene. Kazi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ndivyo Mungu anavyogawa, mkono mwororo anampa mtu mwenye moyo wa jiwe.

Kilichobaki nje ya pamba kilikuwa kimoja tu. Mkewe, Arafa, alikinyanyua akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa bado hajamaliza arobaini, na mtoto alikuwa amelala kifuani pake.

"Baba Shamila... huyu si Bibi Loisi?"

"Ndiye. Nimempatia, eh?"

Alikuwa amempatia. Mgongo uliopinda, sweta lililotoboka kiwiko, ugoro kwenye mdomo wa chini, na mkononi kikombe cha uji. Bibi Loisi alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta hapo Makole, Mgogo mjane, na tangu Arafa ajifungue hakuna asubuhi aliyokosa kuleta uji wa uwele. Nepi alifua yeye. Upepo wa baridi ulipoanza kupenya chini ya mlango, ni yeye aliyevua kitenge chake akauzibia. Amiri aliyaona yote hayo, akaona kikongwe asiyejua kukaa kwake.

Arafa alipitisha ukucha kwenye shingo ya kisanamu. Ukateleza.

"Hawa wengine wana mstari hapa, ulipounga vichwa. Huyu hana."

"Huyu sikumuunga. Nimemfinyanga mzima mzima kwa gundi."

"Basi mkate shingo."

Amiri akacheka mpaka mtoto akashtuka. Maneno yenyewe aliyajua. Walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, kwa maalimu mmoja aliyekuwa akipita nyuma ya watoto na kijiti. Ukichora mti, anakuacha. Ukichora mtu, anakuambia mpige mstari shingoni, umkate, asije akakudai roho. Watoto wote wa chuo kile walichora watu wenye mstari shingoni, na wengi wamezeeka nao mkononi.

"Mama Shamila, yule mzee alikuwa mjinga, na wewe umemrithi."

"Mstari mmoja tu. Bibi wa watu ametulea."

"Nipe hapa."

Akamnyang'anya kisanamu, akakitia mfukoni bila pamba, akachukua boksi, akatoka.

Bibi Loisi alikuwa kizingitini kwake akipepeta uwele. Amiri alimtupia shikamoo ya kutafuna.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umebeba nini?"

"Wachawi." Akapiga mfuko wake. "Na wewe umo humu, bibi."

Kikongwe akacheka, akashika mbavu. "Haya, nibebe taratibu basi. Mifupa yenyewe hii!"

Amiri akaenda zake. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeufanya mji mzima mwekundu, na njia nzima alikuwa akijisemea jinsi ulimwengu ulivyojaa wapumbavu.

Kwa Fabian mlango ulikuwa wazi. Sebuleni, juu ya meza kubwa, palikuwa pametengenezwa nchi nzima ndogo: mchanga, mawe, vijiti vya miiba, makaburi ya vipande vya sabuni. Taa ya umeme ilikuwa hafifu, inafifia na kurudi.

Na kulikuwa na mtu kitini.

Alikaa upande wa makaburi, amelipa dirisha mgongo. Suti nyeusi, safi mno kwa mji wenye vumbi lile. Fabian alimtazama Amiri, akatabasamu, akaonyesha kiti kwa mkono, namna mtu anavyofanya mbele ya mgeni wa mwenzake. Amiri akadhani ni mgeni wa Fabian. Akambeua kimoyomoyo: mwingine huyu.

Kisha akasikia harufu.

Udongo mbichi... udongo uliochimbwa sasa hivi. Mvua haikuwa imeonekana Dodoma kwa miezi.

Mgeni akanyoosha mkono. Akavitoa visanamu kwenye boksi kimoja kimoja, na kila kimoja alikipapasa shingoni kwa kidole gumba.

"Huyu kakatwa," alinong'ona. Akamweka kando. "Huyu kakatwa... Huyu naye..."

"Anatafuta nini?" Fabian aliuliza kwa sauti ya chini.

"Muulize mwenyewe," Amiri akasema. Akachomoa kile cha mfukoni, akakisimamisha katikati ya mchanga. Alitaka sifa. "Tazameni kazi."

Fabian akaguta. "Fundi, we kiboko! Huyu anapumua!"

Mgeni alimshika yule bibi mdogo kwa vidole viwili. Akampapasa shingo. Akampapasa tena.

"Huyu mzima," alisema. "Jina lake?"

Hapo ndipo mwenye busara angefunga mdomo. Lakini mwenye dharau hana busara, ana hadhira tu.

"Loisi," Amiri akajibu, akicheka. "Kikongwe mmoja jirani yangu, Makole. Ukimtaka mchukue, tupumzike na uji wake."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

Dadu zikaanguka mezani. Ka-ka-ka... kimya.

Mgeni akakisogeza kisanamu hatua moja kuelekea makaburini. Akarusha tena. Hatua nyingine. Fabian alinyoosha mkono kudai kwamba zamu ni yake, kisha akaurudisha. Taa ikafifia. Ndani ya harufu ya udongo ikapenya harufu nyingine, tamu, ya moto moto, na Amiri akaitambua kabla hajataka kuitambua.

Uji wa uwele.

Akainama. Kwenye kile kikombe kidogo kuliko punje ya mtama palikuwa pakifuka moshi.

Halafu akasikia kikohozi.

Kidogo. Kikavu. Cha kizee.

Kilitoka mezani.

Nywele zilimsimama Amiri. Na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alimkumbuka maalimu bila kumcheka. Alichomoa wembe wake wa kazi, akamkwapua yule bibi mdogo kwenye mchanga. Alikuwa na joto, kama kifaranga. Hata hapo alitaka aonekane hajali.

"Basi tu, mke wangu alitaka mstari," alisema, meno yakigongana. "Wanawake bwana..."

Akauvuta wembe shingoni.

Gundi iliyokauka haikatwi laini namna ile.

Mgeni alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyekunywa maji baada ya safari. Akakipokea kisanamu kutoka kwenye vidole vya Amiri.

"Mstari hutiwa kabla, fundi," alinong'ona. "Kabla hajapewa roho. Ukiutia baada..." Akamtazama kwa upole wa kutisha. "Nilikuwa namvuta kwa taabu. Ahsante. Umenichinjia."

Taa ikazimika. Iliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Mezani, kutoka katikati ya mchanga mpaka makaburini, zilikwenda nyayo ndogo za miguu mitupu.

"Rafiki yako yule ni nani?" Fabian aliuliza. Alikuwa amejibana ukutani.

"Rafiki yangu?"

"Si ulikuja naye! Alitangulia mlangoni, akasema yeye na fundi ni wamoja."

Amiri alikimbia. Mtu aliyekuwa akiwacheka wanaokimbia alikimbia Area D mpaka Makole, kiatu kimoja kikabaki njiani asikirudie. Mlangoni kwake walijaa majirani. Wakampisha.

Bibi Loisi alikuwa amelazwa mkekani, ndani ya nyumba ya Amiri mwenyewe. Arafa alikuwa ameinama juu yake, analia bila sauti.

"Alikuja kumshika Shamila ili mimi nikaoge," alisema. "Sijatoka hata mlangoni, alikuwa anamwimbia. Mara akanyamaza, akajishika shingo. Lakini hakumwangusha... Alimlaza kwanza mwanangu kwenye mto, akamfunika miguu, ndipo akajiachia. Baba Shamila, mtu gani anakufa hivyo?"

Amiri akapiga magoti. Akaufunua ukosi wa sweta. Hapakuwa na jeraha wala damu, ila mstari mwembamba mweupe, kutoka sikio hadi sikio, ungedhani uzi.

"Ulimkata, eh?" Arafa akanong'ona. Macho yake yalikuwa yakimwomba aseme ndiyo, kwamba amefanya lililo jema. "Ulimtia mstari?"

Amiri aliitikia kwa kichwa.

Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani, uzee. Wengine pale Makole walisema hivyo hivyo. Lakini waliobeba jeneza waliangaliana njia nzima, kwa sababu lilikuwa jepesi, na mmoja aliapa kwamba ndani yake kitu kilikuwa kikibingirika kama gogo la mgomba, lile linaloachwa mtu akichukuliwa msukule. Mwanawe Charles, aliyefika kutoka kijijini amechoka, aliwaomba waache maneno, mama yake azikwe kwa heshima. Wakaacha.

Wiki haikuisha, Fabian akaja Kizota karakanani. Alikuwa amekonda. Alikuwa ameshapakia vyombo, anahama nyumba ile.

"Kuna mtu anafagia uani kwangu, fundi. Kila jua likizama. Nasikia ufagio. Nikichungulia namwona mgongo tu, umepinda."

"Usimwite."

"Nimemwita. Haitiki. Anageuka nusu... anajishika shingo... halafu anaendelea kufagia. Na nyuma yake yupo mtu wa suti, amesimama, anamsubiri amalize." Fabian akalia mbele ya mafundi bila haya. "Jana alikuta nguo zangu kwenye kamba zimesahaulika nje. Akazianua. Akazikunja vizuri, akaziweka mlangoni. Wana tabu gani hawa watu, fundi, hata huko bado wana huruma?"

Amiri akamvutia Fabian kigoda, akae.

Jioni ile ile Charles alimletea msalaba wa mninga, ameuranda mwenyewe. Alisema ameambiwa hakuna mkono mzuri kama wake Dodoma nzima, na mama alimpenda, alikuwa akimsifu kwa watu. Amiri alichukua brashi yake nyembamba. Aliandika LOISI, herufi zimesimama wima, hata moja haikutetemeka. Chini yake palibaki nafasi.

Charles akasubiri. Jua lilikuwa linazama, na upande wa pili wa ukuta wa karakana ufagio ulianza kukwaruza ardhi.

Kwaa... kwaa... kwaa...

"Malizia, kaka," Charles alisema kwa upole. "Amefariki, halafu tarehe."

Amiri alichovya brashi. Akaipeleka kwenye mti. Akairudisha.

"Mpeleke hivyo hivyo," alisema. "Hilo lingine siwezi kumwandikia."