Kibao cha Mwinu

Kila Ijumaa baada ya masomo, Chiriku aliosha brashi za mama yake, mchora vibao. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua likizo.

Ijumaa moja mama alikuwa akichora vibao vya bustani ya shule. Kila mwanafunzi alikuwa amepewa mmea mmoja atafute maana ya jina lake la kisayansi. Chiriku alipewa mwinu, kichaka cha maua ya njano kilichojiotea nyuma ya madarasa kabla hata shule haijajengwa.

"Senna didymobotrya," mama alisoma polepole. "Loo, jina refu kuliko kibao! Hilo la pili lina maana gani?"

Chiriku hakuwa ametafuta. Wiki nzima alikuwa akiruka kamba. "Ua la mfalme," akajibu bila kupepesa macho.

Mama akaandika kwa herufi za kupendeza. Pembeni akatia jina lake, kama kawaida ya kazi zake zote.

Jumatatu Chiriku alikipeleka kibao shuleni. Mwalimu wa sayansi alikuwa kando ya mwinu, akichimba shimo la nguzo.

"Sugua jani, unuse," mwalimu alimwambia.

"Bisi!" Chiriku akacheka.

"Sasa tazama maua yalivyosimama."

Vishada vilisimama wima, viwili viwili.

"Ndiyo maana ya jina lake," mwalimu alisema. "Kwa Kigiriki, didymos ni pacha, botrys ni kishada. Aliyelitunga alitazama kwanza. Haya, lete kibao."

Chiriku alikikumbatia kifuani. Keshokutwa, siku ya wazazi, watu wote wangekisoma, nao wangemcheka mama, si yeye. Aliona aibu.

"Nimekosea, mwalimu. Naomba nikakirekebishe."

Nyumbani alisema yote. "Mama, sikutafuta. Nilibuni tu."

Mama alikigeuza kibao. "Na jina langu nimelitia hapo pembeni! Lete msasa. Utakwangua mwenyewe."

Chiriku alikwangua mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha mama akaandika upya: *Vishada pacha*.

"Mwanangu," alisema akifuta brashi, "uongo wa mdomoni hupeperuka, lakini wa kibaoni tungeupigilia misumari. Usilolijua, sema hujui, kisha nenda ukatazame."

Siku ya wazazi, baba mmoja aliuliza kwa nini mwinu umepewa jina hilo. Wote wakamgeukia Chiriku, wakijiandaa kwa hotuba. Yeye akanyoosha kidole kwenye maua.

"Tazama, baba," akasema, akanyamaza.