Mwenye Gauni Jeupe

Jumapili hiyo Maulid aliamka na furaha ya mtu anayekwenda Italia kwa treni ya chini ya ardhi.

Usicheke. Pembezoni mwa Guangzhou, ukishaiacha bandari ya Huangpu nyuma, Wachina wamejenga mji mzima wa Kitaliano kwa ajili ya picha za harusi. Kuna mfereji, kuna madaraja, kuna kanisa lisilo na padri, kuna na mnara umelala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Unalipa getini, unazunguka, unapiga picha, jioni unarudi Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kula wali wako. Sasa Maulid, muuza magauni ya harusi wa Kariakoo ambaye mtaa wetu mzima unamjua kwa mdomo wake, alikuwa ameshawatangazia watu kwamba mzigo wake anaufuata Italia kwenyewe, kwenye ule mji unaoelea juu ya maji. Wenzake wakabisha. Wakataka picha. Maulid akawajibu kwa sauti ya dharau kwamba picha wataziona Jumapili, kabla hawajafunga maduka.

Picha inataka mrembo. Akamchukua Swalha, binti wa dada yake Chausiku, aliyekuwa anasomea ufamasia huko kwa ufadhili, mwaka wa mwisho. Siku ya kumsindikiza binti uwanja wa ndege, alipokuwa anaanza masomo, Chausiku alimshika Maulid mkono. Alisema, "Kaka, mimi sina mtoto mwingine. Huyu naomba unirudishie mzima." Maulid akaapa mbele ya watu.

Na gauni je? Hapo ndipo alipojiona mjanja kupindukia. Jana yake alasiri alikuwa Kangle, kwenye vichochoro vya vyumba vya kushonea, akaona mfuko umewekwa kando ya njia mbele ya mlango wa fundi mmoja. Kangle ndivyo ilivyo. Nguo zilizobaki na zilizokosewa mshono hutolewa nje kwenye mifuko, na wanaojua huchambua. Pembeni ya mfuko kulikuwa na machungwa matatu, majivu ya karatasi na vijiti vitatu vinavyofuka moshi. Maulid akaona hiyo ni dawa ya mbu. Akachomoa gauni la hariri nyeupe, mikono mipana, mshono wa mkono uliotulia kuliko mshono wowote aliowahi kuushika katika miaka ishirini ya biashara.

Fundi, mama mtu mzima, akatoka mbio akipiga kelele, "Bu mai! Bu mai!" Yaani siuzi. Maulid Kichina chake ni cha soko, na sokoni kila mtu husema haliuzwi mpaka aone noti. Akaweka noti mbili juu ya machungwa, akakunja gauni lake, akaondoka. Alipogeuka kuangalia, yule mama alikuwa amepiga magoti kichochoroni analia. Noti hakuzigusa.

Basi, Italia. Jua la Agosti lilikuwa linachoma utosi, wala haijafika saa sita.

"Mjomba, huu mnara wa kuinama uko mji mwingine kabisa," alisema Swalha. "Hauko kwenye mji wa maji."

"Wameuhamisha."

"Mnara?"

"We bibi, Kariakoo nani atatoa ramani apime? Simama hapo, cheka."

Kimoyomoyo Maulid alikiri kwamba Italia pazuri. Nyumba za rangi ya papai zimebanana kando ya maji ya kijani. Wachina waliovaa fulana za mistari wanajifanya kupiga kasia huku mota inanguruma chini ya mashua. Mabibi harusi walikuwa hamsini, labda sitini, wamejaa madarajani kama kuku weupe, na wapiga picha wanawafokea. Spika zilikuwa zinapiga nyimbo za Kitaliano. Maulid akagonga ukuta wa kasri, ukalia kama boksi tupu. Akachungulia nyuma yake. Nyuma ya kasri hapakuwa na kasri, kulikuwa na vyuma na lundo la udongo mwekundu. Hata madirisha ya juu yalikuwa ya kuchora. Kwenye dirisha moja wamechora na paka, amelala, mkia unaning'inia.

Swalha akaenda kubadilisha. Aliporudi alikuwa anajikagua.

"Mjomba, hili gauni halina zipu. Halina kifungo. Halina hata mfuko mmoja, ni kamba tu."

"Ndio mtindo." Maulid akamfungia mwenyewe kamba za ubavuni, moja baada ya nyingine.

"Linanuka kama kafuri."

"Linanuka Italia. Kaa chini ya dirisha la paka."

Alipiga picha arobaini. Swalha alipendeza, hilo hata adui angekubali. Maulid alikuwa anaangalia ya arobaini na moja kwenye simu ndipo aliposikia ufagio ukianguka.

Alikuwa mama mfagiaji wa pale, mzee, kofia ya majani kichwani. Hakumwangalia Swalha usoni. Aliliangalia gauni. Akaanza kusema kwa sauti ya chini sana, haraka haraka.

"Anasema nini?" Maulid aliuliza.

"Anasema nivue."

"Mwambie haliuzwi."

"Mjomba, hanunui." Sauti ya Swalha ilikuwa imeshuka. "Anasema ni sanda. Nguo ya maiti. Mwezi huu ndio wanawawekea wafu wao nguo njiani, pamoja na vijiti na matunda. Anauliza tumeitoa wapi."

Maulid akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake haukutoka uongo wowote.

"Anasema mwenyewe huifuata," Swalha alinong'ona. "Popote ilipo. Mjomba, umeitoa wapi?"

"Vua."

"Haifunguki."

Maulid akapiga magoti, akaanza kufungua kamba ya ubavuni. Lile fundo alilifunga yeye mwenyewe, fundo la upinde, la kitoto. Sasa lilikuwa dogo kama punje ya dengu na gumu kama jiwe. La pili vilevile. La tatu vilevile.

Muziki ukakatika.

Mama mfagiaji akawapa mgongo. Akaziba macho. Na kule madarajani, mmoja baada ya mwingine, mabibi harusi wakageuka kutazama maji. Wapiga picha wakashusha kamera. Jua kali, saa sita kamili, watu zaidi ya mia, wote migongo.

Maulid akainua macho. Dirisha lilikuwa pale pale juu ya kichwa cha Swalha.

Paka hakuwepo.

Mkono ukatoka ukutani. Mwembamba. Wa kijivu. Ukashika ushungi wa Swalha pamoja na nywele, ukambamiza kisogo ukutani. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ule ukuta wa boksi sasa ulilia kama jiwe.

"Mwache!" Maulid akauvamia mkono. Nao ukatoka na mwenyewe.

Alikuwa kibibi mdogo, kimo cha mtoto wa miaka kumi, na shimizi iliyooza mwilini. Puani alikuwa na pamba. Hakumtazama Maulid, alimpiga tu, kofi moja la mgongo wa mkono, na Maulid akasikia meno yake mawili yakigonga sakafu kabla yeye hajaanguka. Akajiinua. Akamrukia tena, akauma ule mkono kwa meno yaliyobaki. Kinywa kikajaa udongo. Kibibi akamshika kidole cha shahada, akakikunja kinyume mpaka kikalia.

Kisha akamgeukia Swalha, akakamata gauni, akavuta.

Swalha alipiga ukelele ambao Maulid anausikia mpaka leo. Gauni halikutoka peke yake. Kamba zilikuwa zimezama ndani ya nyama, na kila mvuto uliinua ngozi ya ubavu kama unavyochuna kuku.

"Mjomba, kata!"

Maulid alikuwa na mkasi wa kukatia nyuzi, ule wanaouning'iniza shingoni wauza nguo wote. "Nitakukata wewe, mwanangu!"

"Kata!"

Akakata. Kamba ya kwanza, damu ikaruka mpaka machoni. Ya pili. Ya tatu ilikuwa imezama sana, ikabidi apite chini yake, ndani, kwa kuhisi, huku kibibi anampiga mgongoni ngumi zinazovunja. Ubavu wake mmoja ukavunjika. Akaendelea. Saba kwa jumla. Kamba ya saba ilipoachia, gauni likatoka, na Swalha akaanguka amelowa damu kuanzia kwapani hadi nyongani, na jeraha refu limeachama ubavuni.

Maulid akadhani yamekwisha.

Kibibi alisimama na gauni mikononi. Akaligeuza huku. Akaligeuza kule. Halafu akaliachia, akamkamata Swalha shingoni, akaanza kuminya.

Hapo Maulid akaelewa. Maiti hajivishi. Maiti huvishwa.

Alijiburuta kwa magoti, akaokota gauni. "Mama," alisema, na damu ikimtiririka kidevuni. "Mwache mtoto. Njoo nikuvishe."

Vidole vikalegea. Kibibi akamwelekea, akanyoosha mikono pembeni, kama wanavyonyoosha mabibi harusi wote dukani kwake. Maulid akaingiza mkono wa kwanza. Ngozi ilikuwa baridi na inateleza. Akaingiza wa pili. Kwa kila kamba aliyofunga alipigwa kofi moja. Akafunga, akapigwa. Akafunga, akapigwa. Kamba fupi zilizokatwa aliziunga kwa meno. Fundo la mwisho alilifunga jicho moja limeshafumba.

Makofi yakakoma. Mkono wa Maulid, kwa mazoea tu ya kazi, ukanyoosha mkunjo begani. "Umependeza, mama," akasema.

Kibibi akaitazama damu ya Swalha kwenye hariri yake. Akainama. Akapitisha kidole juu ya lile jeraha, polepole, kutoka juu hadi chini, kama fundi anayepima kitambaa. Kisha akaurudia ukuta, na ukuta ukampokea.

Muziki ukarudi katikati ya wimbo. Bibi harusi mmoja akacheka. Mpiga picha akafoka. Mama mfagiaji akavua kofia yake, akamfunika nayo Swalha uso dhidi ya jua, akaita gari.

Hospitali, Maulid alikuwa amemfunga mpwa wake kwa shati lake mwenyewe. Daktari akalifungua. Akamwita mwenzake, naye akainama kuangalia.

"Wanasemaje?" Maulid aliuliza.

Swalha alikuwa amelalia ubavu usio na jeraha, midomo imekauka. "Wanauliza nani kanishona."

"Hujashonwa. Tumetoka pale moja kwa moja."

"Wanasema kuna mishono kumi na moja. Ya mkono, uzi wa hariri. Daktari anasema hajawahi kuona mkono mzuri namna hii." Akasikiliza tena. "Anauliza kwa nini fundi hakukata uzi."

Maulid akachungulia. Jeraha lilikuwa limefungwa juu hadi chini, mishono midogo, sawasawa. Baada ya mshono wa mwisho uzi uliingia chini ya ngozi, wala haukutoka popote. Wakampiga picha ya mionzi. Sindano ilikuwa ndani, imelala kando ya ubavu, bado na uzi wake. Wakajaribu kuukata uzi. Mkasi ukavunjika ncha. Wakasema watamfanyia upasuaji asubuhi.

Asubuhi muuguzi akaja kubadilisha bandeji. Maulid akahesabu mwenyewe, maana kuhesabu mishono ndiyo kazi iliyomlea. Akahesabu mara mbili.

Kumi na miwili. Na huo wa kumi na mbili haukuwa kwenye jeraha. Ulikuwa juu yake, kwenye ngozi isiyo na jeraha, umepinda kuelekea moyoni.