Kijiti cha Pedi

Haya yalimkuta rafiki wa mwanangu, fundi wa pedi za gemu. Mama mmoja alimletea pedi ya marehemu mwanawe, waya umekatika. Fundi akauunga, na kwa kupenda kazi yake akang'oa na kile kijiti cha kuongozea kilicholika, akaweka kipya.

Mama akakipapasa. "Fundi wangu, palipobonyea pako wapi? Ndipo mwanangu alipokuwa anaweka dole gumba."

Fundi akakosa pa kuuficha uso. "Nimekitupa stoo, mama. Nisamehe."

Akaingia kukitafuta. Stoo ile giza tupu. Ndani ya debe la vipuri vibovu akasikia ta, ta-ta, ta, kama mtu anacheza. Akapeleka mkono. Kijiti kilikuwa na joto, na pale palipobonyea pamelowa jasho.