Lukresia Alipokalia Mikono Yake

Kumwita Nazari kwa jina ni kupoteza pumzi. Ukimtaka, unarusha kokoto idondoke karibu na miguu yake, anageuka. Ndivyo dada yake Lukresia anavyofanya kila asubuhi pale Lipingo, wakianika usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye chanja kabla ya kwenda shule. Kokoto kwanza, halafu mikono. Akiyumbisha kiganja, maana yake samaki. Akipiga kasia hewani, mtumbwi. Akipigapiga viwiko, kuku hao wamekuja, wafukuze! Nazari anaelewa yote, hata matani.

Mikono ya Lukresia haitulii, na mwenyewe hatulii. Yuko darasa la sita, na ukimkalisha kwenye kiti, kinachochoka ni kiti.

Sasa shuleni likaja jambo. Alifika mwalimu mgeni kutoka chuo kikuu, Madamu Mariana. Alikuwa anasomea shahada ya pili, ya elimu maalumu na saikolojia ya wanafunzi, akaja kwa mafunzo ya vitendo. Kazi yake ni kuwapima watoto ambao masomo yanawapita pembeni.

"Shahada ya pili?" Praygod akacheka. Huyu anakaa dawati moja na Lukresia, na hakuna habari inayompita. "Kwani ya kwanza ilipotea?"

"Acha utani. Anawapima nini?"

"Mtihani. Kesho anaanza na mdogo wako."

"Na akifeli?"

"Bweni, dada. Huko mbali. Mtaonana Krismasi."

Siku ile Lukresia hakula. Jioni alizunguka chanja mpaka mama yake akamwuliza kama amekanyaga siafu. Nazari hajawahi kulala nyumba nyingine. Huko bweni nani anajua habari ya kokoto? Watamwita kwa jina, asigeuke, waseme ana kiburi.

Basi akaamua. Nazari hafeli.

Kesho yake Madamu alimweka Nazari kwenye chumba cha vitabu, mezani, na picha mbele yake. Yeye akasimama nyuma ya mtoto. Anataja kitu kwa sauti ya chini, mtoto anagusa picha yake. Joto la ziwani lilikuwa kali, Madamu akafungua dirisha lililokuwa mbele ya meza.

Lukresia aliomba ruhusa ya kwenda chooni, ila chooni hakufika. Alijibana ukutani, mikono tu ikichungulia pembeni ya dirisha.

"Mtumbwi," Madamu akasema.

Mikono ikapiga kasia. Nazari akagusa mtumbwi.

"Kuku."

Akagusa kuku. Macho ya Madamu yalikuwa kwenye kidole cha Nazari, hayakwenda dirishani hata mara moja. Picha zikaisha, hakukosa hata moja.

"Masikio yake mazima kabisa," Madamu akamwambia mwalimu wa darasa la tatu, anakosoma Nazari.

Lukresia alirudi nyumbani kama anapaa.

Asubuhi iliyofuata akapita karibu na darasa la tatu, akasikia sauti ya Mwalimu Bartholomayo. Huyu si mkali. Muda mrefu alimwachia Nazari mengi, akihisi labda masikio yana shida. Sasa alikuwa ubaoni, ameligeuzia darasa mgongo.

"Nazari, soma mstari wa pili."

Nazari anachora samaki.

"Nazari!"

Nazari haachi kuchora. Mwalimu akageuka, uso umebadilika.

"Kumbe unasikia! Umepimwa, unasikia! Mimi nakuonea huruma kumbe ni jeuri yako tu! Njoo upige magoti hapa mbele!"

Akamshika mkono, akampeleka. Nazari akapiga magoti bila kujua kosa. Akamwona dada yake dirishani. Akafungua kiganja kidogo, pale chini, mwalimu asione. Nimefanya nini?

Kwa mara ya kwanza mikono ya Lukresia ilikosa neno.

"Si ndiyo ulitaka?" Praygod akanong'ona nyuma yake. "Bweni hajaenda."

"Funga mdomo, Praygod!"

Akakimbia. Madamu Mariana alikuwa anapanga picha zake kwenye begi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nazari hasikii. Jana aliyesikia ni mimi."

Madamu akaweka begi chini. Lukresia akamwonyesha yote. Mtumbwi, kuku, samaki. Alipomaliza akasubiri fimbo. Fimbo haikuja.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Anayefeli mtihani wako anapelekwa bweni."

"Nani kakwambia huu ni mtihani?" Madamu akavuta kiti, akakaa. "Sikiliza, mwanangu. Mtihani unauliza unajua nini. Kipimo kinauliza tukusaidie wapi. Ukimjibia mgonjwa mbele ya daktari, unamnyima dawa."

Lukresia akaanza kulia.

"Na mimi nina kosa langu. Tunafundishwa kwamba mtoto anayepimwa asiwe na kitu mbele yake ila picha tu. Mimi nikafungua dirisha kwa sababu ya joto. Itabidi nimweleze msimamizi wangu."

"Watakufelisha?"

"Labda watanirudisha nyuma. Bado najifunza. Lakini mtoto asipige magoti kwa ajili yangu. Twende."

Walikwenda pamoja darasani. Mwalimu Bartholomayo alisikiliza, akamtazama Nazari aliye chini, akachuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana. "Samahani, mwanangu," akasema polepole. Nazari alimtazama midomo, akatikisa kichwa kukubali.

Likabaki la kupimwa upya. Nazari akagoma kuingia bila dada yake. Ameng'ang'ania sketi, hatoki.

"Ingia naye," Madamu akasema. "Lukresia, kaa kwenye kona. Kalia mikono yako."

Dirisha likafungwa. Madamu akasimama nyuma.

"Mtumbwi."

Nazari akamtazama dada yake. Mikono ya Lukresia ilikuwa chini ya mapaja, vidole vinawasha kama vimeshika upupu.

"Kuku."

Nazari akatabasamu kidogo, kama anasema haya, nipe basi. Lukresia akauma mdomo. Tabasamu la Nazari likafifia. Akagusa ndoo.

"Samaki."

Samaki! Anaowaanika kila siku! Bega la Lukresia likaruka, lakini mikono ilibaki pale pale. Nazari akagusa nyumba, kisha akainamisha kichwa.

"Basi," Madamu akasema. "Sasa najua."

Lukresia alimrukia mdogo wake, akamkumbatia.

Mama yao alimpeleka Nazari hospitali, Mbinga. Daktari akakuta usaha wa zamani masikioni. Dawa zikatolewa. La kulia lina matumaini, akasema, la kushoto msitegemee sana. Bweni hakuna aliyelitaja. Nazari akahamishiwa dawati la mbele, na Mwalimu Bartholomayo akamwomba Lukresia amfundishe ile mikono. Ukimwona anavyopigapiga viwiko kama kuku, utacheka.

Madamu Mariana alipokuja kuaga, chuo kilikuwa kimemwamuru arudie sehemu ya mafunzo. Hakuonekana kununa.

"Ulimpenda mdogo wako," akamwambia Lukresia, "lakini ulimfichia shida yake. Shida iliyofichwa haina wa kuisaidia. Sema ukweli hata kama unakutetemesha, maana ndio unaotuonyesha pa kuweka dawa."

"Nimeelewa, Madamu."

Dawa zilipoisha, asubuhi moja usipa ulikuwa mwingi. Lukresia akainama, akaokota kokoto, halafu akasita. Akaita, si kwa nguvu sana.

"Nazari! Njoo ubebe ndoo!"

Shingo ya Nazari ikashtuka. Akaiona ndoo kwa jicho la pembeni, jinsi ilivyojaa, akaendelea kutazama ziwa kama hakuna aliyesema kitu.

Lukresia akaidondosha kokoto chini, akacheka mpaka mama yake akatoka nje. Huyo alikuwa amesikia. Safari hii alikuwa hataki tu.