Kitabu Kimoja, Wiki Saba

Jioni, Baba akirudi kutoka Eneo la Viwanda, kabla hata ya kuulizia chakula huvua viatu na kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Yeye hukata na kuchomelea vyuma katika kiwanda cha milango, na kutoka kwetu, mtaa wa Makadara, huenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Wakati huo mimi huwa nimeshaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kitabu mkononi. Mama, huku akikatakata sukuma wiki, hutuambia tupunguze kelele. Sisi hatusomi kimya. Tunasoma kwa ubishi.

"Haya, Mama, soma," Baba huniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mamake, Muhonja.

Muhula ule kitabu chetu kilikuwa *Nyundo ya Mzee Mukhwana*. Kilikuwa mali ya shule, kurasa mia moja na kumi na mbili, kuhusu mhunzi anayekataa kumfulia mtawala pingu za kuwafunga majirani zake. Baba aliacha shule akiwa darasa la nne. Nikisoma aya moja, yeye husoma inayofuata, polepole, kidole chini ya kila neno. Akifika mahali pasipomridhisha, hapo hapo tunasimama.

"Chuma chekundu hivyo kipoe mara moja? Huyu mwandishi amewahi kushika nyundo kweli?"

Basi tunarudi nyuma ukurasa mzima. Tukienda sana tulisoma kurasa mbili kwa jioni. Siku ambazo Baba alichoka, hata moja hatukuimaliza.

Taabu yangu ilikuwa Ijumaa. Katika wiki saba za mwisho za muhula, mwalimu wetu wa Gredi ya Sita, Mwalimu Adhiambo, alitundika chati ukutani. Kila Ijumaa kila mwanafunzi aliandika jina la kitabu anachosoma. Kitabu kipya kilileta nyota moja. Darasani tuliketi vikundi vikundi mezani, na meza itakayopata nyota nyingi zaidi ingebeba sanduku la vitabu nyumbani likizo yote. Meza nyingine zingerudisha kila kitabu kabatini siku ya kufunga shule.

Wiki ya kwanza niliandika *Nyundo ya Mzee Mukhwana*. Wiki ya pili nikaandika hicho hicho. Ya tatu, ya nne na ya tano pia. Nyota yangu ilikaa peke yake.

Walter, kiongozi wa meza yetu, alikasirika.

"Manze Muhonja, unatuangusha! Cheki Anab, ako na nyota tano."

"Mimi bado nasoma hiki."

"Si uandike tu kingine! Nani atajua? Unasoma tu yale maneno ya nyuma ya jalada, basi."

"Zii. Siandiki kitabu ambacho sijasoma."

Wakati wa mapumziko Anab, rafiki yangu wa tangu chekechea, alinivuta kando.

"Kwani unadhani mimi nimemaliza vyote?" akaninong'oneza. "Vitatu vya mwisho hata sijavifungua. Muhonja, sikiza. Tukishinda, sanduku ni letu. Wewe na babako mtamaliza kitabu chenu. Tukishindwa, kinarudi kabatini."

Hapo aliniweza. Tulikuwa tumefika ukurasa wa sitini na moja. Mzee Mukhwana alikuwa amefungiwa ghalani, na Baba alikuwa akiwaza hata kazini jinsi atakavyotoka. Nililitamani sanduku lile, tena sana.

Jioni hiyo nilimweleza Baba yote. Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika.

"Kwani kitabu ni uji, mshindane kumaliza kikombe?" Kisha akakitazama kitabu mkononi mwangu. "Lakini ningependa sana kujua kama huyu mzee atatoka."

"Kwa hivyo niandike uongo, Baba?"

Aliinua mguu mmoja, akaufuta.

"Kazini wengine huniambia, 'Shiundu, ufa huo paka rangi tu, mlango utauzika.' Ufa haupakwi rangi, Mama. Unachomelewa. Lakini mwenye kalamu ni wewe."

Wiki ya sita niliandika kitabu changu kile kile, kwa herufi kubwa.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya mwalimu, limefungwa kwa kamba ya buluu. Nilikuwa nimetumwa ofisini kuleta chaki. Niliporudi, nikaona mstari wangu wa wiki ya saba umeshajazwa jina la kitabu ambacho sikuwahi kukishika, na nyota mpya imebandikwa kando yake. Mwandiko ulikuwa wa Walter.

"Nimekusaidia," alininong'oneza nilipoketi. "Nyamaza tu. Tumeshinda."

Na kweli tulishinda. Mwalimu alihesabu mara mbili. Meza yetu iliipita meza iliyoongozwa na Nuh kwa nyota moja. Wenzangu wakapiga makofi, na Walter akainuka kwenda kulichukua sanduku.

Nilihisi hasira ikinipanda. Nilimkasirikia Walter, nikaikasirikia na ile chati, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe kwa kuwa mkono wangu ulikuwa tayari kupiga makofi. Nilisimama. Nikapita mbele ya Walter, nikachukua kalamu nyekundu, nikakata lile jina. Juu yake nikaandika *Nyundo ya Mzee Mukhwana*, kisha nikabandua nyota.

"Muhonja!" Mwalimu akafoka. "Mbona unaharibu chati?"

"Ilikuwa imeharibika tayari, Mwalimu." Nikalinyoshea kidole lile jina nililokata. "Kitabu hicho sijakisoma. Ninasoma hiki, na niko ukurasa wa sabini na nane."

"Kitabu kimoja wiki saba? Unakisoma kweli?"

"Niulize chochote."

Akaniuliza. Nikamweleza kwa nini Mukhwana alizikataa pingu, na nani aliyemsaliti. Nikamwonyesha pia ukurasa wa thelathini na nne, pale mwandishi alipokosea.

"Chuma chekundu hakipoi mara moja hivyo," nikasema. "Baba yangu hufanya kazi ya vyuma kila siku. Yeye anajua."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Na wewe, Walter? Kitabu ulichoandika wiki hii kinahusu nini?"

Walter aliangalia viatu vyake. "Kina... kina picha ya ndovu."

Mwalimu akamgeukia Anab. Kabla hajaulizwa, Anab alikuja mbele, akachukua kalamu mkononi mwangu na kukata vitabu vyake vitatu. Akafuata Nuh, akakata viwili. Kalamu ikapita mkono kwa mkono, na wino mwekundu ukaijaza chati.

Mwalimu Adhiambo aliketi.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Leo imeishia kwenye chati hii. Mmenidanganya, na hilo ni kosa. Lakini nami nimekosa. Nilihesabu vitabu bila kuwauliza mlisoma nini ndani yake. Tangu leo mjue, msomaji si yule anayemaliza upesi. Ni yule anayeweza kusema bila kuona haya, 'Nimefika hapa.'"

Akaifungua ile kamba ya buluu. Hakuna meza iliyoshinda. Kila mmoja alikwenda nyumbani na kitabu kimoja ambacho hakuwa amekimaliza. Walter alichukua kile chenye picha ya ndovu.

Muhula mpya ulipoanza, chati nyingine ilikuwa ukutani. Haikuwa na nyota, ila mahali pa kuandika ukurasa uliofikia. Walter aliandika "ukurasa wa ishirini na mbili", kisha akanigeukia.

"Niaje, Muhonja. Bado uko na yule mhunzi?"

"Tumemaliza. Mimi na Baba."

"Na alitoka ghalani?"

Nilikitoa kitabu mkobani, nikakiweka mbele yake.

"Soma mwenyewe," nikamwambia. "Halafu mimi ndiye nitakayekuuliza."